Taharuki katika Trela za Filamu

Makala haya yanachunguza jinsi trela inavyoivutia hadhira kwa filamu ambayo haijaonyeshwa. Trela nyingi ni za muhtasari: huteua vipande vya filamu yenyewe na kuvipanga upya, na aghalabu hudokeza hata kilele. Huo, kwa maoni yetu, ni udhaifu, kwani taharuki ikishavuja hairudi.

Ipo aina nyingine ambayo humweka mtunzi mbele ya hadhira. Katika trela ya Psycho (1960), inayochukua zaidi ya dakika sita, Alfred Hitchcock mwenyewe anatutembeza motelini na katika nyumba iliyo karibu, mithili ya mtambaji wa ngano. Anaanza kueleza mauaji, kisha anakatiza sentensi na kutuachia tuikamilishe. Mwishoni analivuta pazia la bafuni. Mwanamke anapiga mayowe. Huyo ni Vera Miles, ilhali anayeuawa bafuni filamuni ni Janet Leigh! Hata aliyeikariri trela nzima hakuijua sura ya mhanga.

Orson Welles naye, katika trela ya Citizen Kane (1941), anasikika tu akiwatambulisha waigizaji wenzake. Sura yake aliihifadhia ukumbi wa sinema.