Kompyuta Kuukuu ya Chama na Dirisha la Mipangilio Linalochelewa Kufunguka

Katibu wa chama cha msingi anafika ofisini saa mbili asubuhi, anaiwasha kompyuta, na kuona kwamba tarehe iliyoandikwa pembeni mwa kioo ni ya mwaka uliokwisha kupita zamani. Kwa sababu ya tarehe hiyo ya uongo, mtandao unakataa kumfungulia MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Anafungua dirisha la mipangilio ili aisahihishe. Dirisha linatokea tupu, lina rangi moja tu, na alama ya kusubiri inazunguka katikati yake. Zinapita dakika tatu, kisha nne. Nje, wakulima wamekwisha kuketi wakingoja kuambiwa malipo yao ya kahawa yamefikia wapi.

Hali ya namna hii yaweza kukikuta chama chochote cha Ngara au Biharamulo kinachotumia mashine iliyokwisha kufanya kazi miaka minane au kumi, pengine mahali pengine kabla ya kufika kijijini. Ucheleweshaji wenyewe haukiangamizi chama. Hatari ipo katika hatua inayofuata. Katibu aliyechoka huipeleka mashine mjini; fundi huitazama kwa muda mfupi, husema kwamba dawa ni kuweka Windows upya, na jioni mashine hurudi ikiwa nyepesi na tupu. Daftari la wanachama, kilo zilizopokelewa, malipo ya awali, mikopo ya pembejeo, vyote vimefutika kwa ajili ya kuponya dirisha moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kutafuta ugonjwa, ni kuhifadhi nakala. Majalada yote ya chama yanakiliwa katika flashi mbili. Moja hubaki ofisini katika sanduku la fedha, na ya pili hukaa kwa mjumbe wa bodi aliyechaguliwa kwa maandishi. Haitoshi kunakili tu: yafaa flashi ifunguliwe katika kompyuta nyingine na majalada mawili matatu yasomwe, maana nakala isiyofunguka si nakala. Salio la kila mwanachama nalo lichapishwe katika karatasi na kutiwa sahihi na katibu pamoja na mhasibu. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, mashine isichezewe zaidi. Izimwe, na apelekewe fundi kwa kazi moja tu ya kuokoa majalada.

Nakala zikiwa tayari, ndipo iulizwe kwa nini dirisha linachelewa.

Kompyuta nyingi za umri huo zina diski ya sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosoma juu yake. Mkono huo hauwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kila ombi la kusoma hungoja ombi lililotangulia, kama vile katika ghala la kahawa lenye mizani moja: hata wapokezi wawe kumi na makarani watano, gunia halipiti mpaka lililo mbele yake limepimwa. Sasa dirisha la mipangilio katika Windows 10 na matoleo yaliyofuata si dirisha dogo kama linavyoonekana. Ni programu kamili, ambayo mashine huilaza isipotumiwa, na ikiitwa hukusanya vipande vyake vingi kutoka sehemu mbalimbali za diski. Endapo diski ina foleni, dirisha hili nalo hupanga mstari.

Na foleni hiyo huwa ndefu zaidi wakati mbaya kabisa. Mashine iliyofungiwa kabatini tangu msimu uliopita huwashwa msimu wa kahawa unapofunguliwa, aghalabu mwezi Mei. Mara tu inapopata mtandao huanza kufanya kazi zote ilizozikosa: hutafuta virusi, hupakua orodha mpya za ulinzi, hupanga upya faharasa ya majalada, na programu nyingine nazo hujisahihisha. Katibu anayehukumu ubovu wa mashine katika saa ya kwanza ya siku hiyo anaihukumu bila haki. Yampasa aiwashe siku mbili tatu kabla ya ununuzi kuanza, aiunganishe na umeme na mtandao, na aiache imalize kazi yake.

Ikiwa baada ya hapo uzito unaendelea, upo mtihani ambao hauhitaji fundi wala fedha. Vibonyezwe kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Hutokea dirisha la meneja wa kazi, lenye safu zinazoonyesha kwa asilimia jinsi kichakato, kumbukumbu, diski na mtandao vinavyotumika. Liachwe wazi, kisha dirisha la mipangilio lifunguliwe huku safu hizo zikitazamwa, na kinachoonekana kiandikwe katika daftari pamoja na saa.

Safu ya diski ikipanda hadi asilimia 100 na kukaa hapo wakati kichakato kimepumzika, mzigo uko kwenye diski. Itazamwe ni programu gani inayoisumbua. Mara nyingi zitaonekana programu zinazojianzisha zenyewe kila mashine inapowashwa, kama za muziki au za simu ya zamani ya mtu aliyewahi kuitumia kompyuta hiyo. Katika Windows 8 na matoleo yaliyofuata, dirisha hilohilo la meneja wa kazi lina ukurasa wa kuzizuia zisijianzishe. Kuzizuia si kuzifuta, na ikibidi zitarudishwa. Lakini ile inayolinda mashine dhidi ya virusi isiguswe. Diski iliyojaa karibu yote nayo huzidisha uzito, na ofisi nyingi zingeshangaa kuona ni filamu ngapi zimehifadhiwa pamoja na hesabu za wanachama.

Safu ya kumbukumbu, yaani RAM, ikikaribia kujaa, sababu ni nyingine. Mashine yenye gigabaiti 2 huweza kuiwasha Windows 10, lakini ikishafungua mtandao na jedwali la hesabu hukosa mahali pa kuweka kitu kingine, na huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha. Gigabaiti 4 huvumilika kwa kazi za chama. Gigabaiti 8 hutosha.

Lakini yaweza kutokea kwamba safu zote ziko chini, mashine haina kazi, na dirisha bado linasubiri. Hapa watu wengi hupotea njia. Mashine isiyo na kazi lakini haijibu, mara nyingi inangoja jibu kutoka kwa kitu kisichokuwapo: printa iliyokwisha kuuzwa, au jalada la pamoja lililokuwa katika kompyuta ya ofisi ya zamani. Modemu ichomolewe, na dirisha lifunguliwe tena. Likifunguka upesi, sababu iko kwenye mtandao, na vitu hivyo vya zamani viondolewe katika orodha. Lisipofunguka, iundwe akaunti mpya ya mtumiaji na dirisha lijaribiwe humo. Likiwa jepesi katika akaunti mpya, kilichoharibika ni mipangilio ya akaunti ya zamani tu. Majalada yatahamishwa na kazi itaendelea, bila kuweka Windows upya.

Umeme nao una sehemu yake. Kituo cha Rusumo kiko wilayani Ngara, megawati zake 80 hugawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake kuu hupeleka umeme hadi Nyakanazi wilayani Biharamulo. Hata hivyo radi na miti inayoangukia nyaya haviulizi kituo kiko karibu kiasi gani. Kompyuta ndogo ambayo betri yake imekufa huzimika ghafla kila umeme unapokatika, na majalada ya mfumo yaliyokuwa yakiandikwa huharibika. Kwa uharibifu huo kuna amri mbili zinazoandikwa katika dirisha jeusi la amri, likiwa limefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi: sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha majalada ya Windows, na chkdsk C: /f, inayokagua mpangilio wa diski baada ya mashine kuwashwa upya. Zote mbili huchukua muda mrefu, na zisianzishwe siku yenye dalili ya mvua.

Ikithibitika kwamba diski yenyewe ndiyo iliyochoka, chama hakilazimiki kununua kompyuta nyingine mara moja. Diski ya SSD, isiyo na sahani wala mkono, huingia mahali pa ile ya zamani katika mashine nyingi, na tofauti yake huonekana siku hiyohiyo. Bodi ipate bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi wawili au watatu. Izingatie pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 7 mwezi Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025; mashine isiyokidhi masharti ya Windows 11 isipewe fedha nyingi, hata ikiwa bado yaweza kuandika barua na kujumlisha kilo.

Diski iliyotolewa irudi chamani. Isiachwe kwa fundi kama zawadi, kwa kuwa ina majina, simu na akaunti za benki za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka aliyezikusanya kuzilinda.

Inabaki ile tarehe ya asubuhi. Katibu asiyeweza kungoja dirisha kubwa na abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike timedate.cpl, kisha abonyeze Enter. Hutokea dirisha dogo la mtindo wa zamani, ambalo katika mashine nzito kwa kawaida hufunguka mapema kuliko lile jipya, na tarehe husahihishwa humo. Lakini saa inayopotea kila mashine inapozimwa huashiria kwamba betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Katika kompyuta za mezani aghalabu ni ile ya duara yenye namba CR2032, inayopatikana hata kwa mafundi wa saa. Mashine izimwe na kuchomolewa umeme, betri ibadilishwe, tarehe iwekwe mara moja, na katibu hatahitaji tena kulifungua dirisha hilo kila asubuhi.