Mitihani ya Majaribio na Namna ya Kuitumia kwa Busara

Nchini Tanzania, mtihani wa kumaliza Kidato cha Sita ndio mlango mkuu wa kuingilia Chuo Kikuu. Masomo ya miaka miwili hupimwa katika majuma machache tu, na matokeo yake huweza kugeuza mwelekeo wa maisha ya kijana. Kwa sababu hiyo miezi ya mwisho hujaa majaribio: yale ya shule, ya mkoa, na yale ambayo wanafunzi hujipa wenyewe kwa kutumia karatasi za miaka iliyopita. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hivyo akiba ya karatasi hizo ni kubwa. Jambo la kujiuliza si mwanafunzi afanye karatasi ngapi, bali apate faida gani katika kila moja.

Jaribio lina kazi mbili. Kazi ya kwanza, inayofahamika na wote, ni kupima. Kazi ya pili, ambayo mara nyingi husahauliwa, ni kufundisha. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alieleza jinsi alivyoipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuona kwamba sehemu kubwa ya yale tujifunzayo hutoweka upesi mwanzoni, kisha usahaulifu hupungua kasi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi ya vifungu vilisomwa tena. Vingine wanafunzi walitakiwa kuviandika kwa kukumbuka, bila kutazama. Baada ya dakika 5, kusoma tena kulionekana bora: asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: vifungu vilivyosomwa tena vilikumbukwa kwa asilimia 42 tu, na vilivyoandikwa kwa kukumbuka asilimia 56.

Hapa pana funzo. Anayerudia kusoma daftari huyatambua maneno yake, akadhani kwamba anayajua. Lakini kutambua si kukumbuka, na katika chumba cha mtihani daftari halimo. Vivyo hivyo, mwanafunzi asomaye swali huku jibu likiwa kando hajafanya jaribio. Na arudiaye karatasi ile ile mara tatu huongeza alama bila kuongeza maarifa.

Alama peke yake haitoshi kueleza ugonjwa. Tuchukue swali hili la Fizikia: jiwe la kilo 0.5 linaangushwa kutoka kimo cha meta 20. Litafika chini kwa kasi gani, ikiwa mchapuko wa uvutano ni 10 na upinzani wa hewa hauhesabiwi? Mraba wa kasi ni 2 × 10 × 20, yaani 400. Kwa hiyo kasi ni meta 20 kwa sekunde. Mwanafunzi wa kwanza ameandika 400. Wa pili amezidisha 0.5 kwa 20 akapata 10. Wa tatu hakuandika kitu, kwa kuwa muda ulimwishia. Wote watatu wamekosa jibu, lakini dawa zao ni mbalimbali. Wa kwanza anaijua kanuni ila hakutafuta kipeuo cha pili. Ahimizwe kuhakiki kazi yake. Wa pili haielewi kanuni yenyewe. Arudi kwenye somo. Wa tatu afanye mazoezi ya kugawa wakati.

Kutokana na hayo, yafaa yafuatayo yazingatiwe:

1. Jaribio lifanywe bila vitabu na kwa muda ule ule uliowekwa kwa mtihani.

2. Masahihisho yafanywe mapema, na kila kosa liandikwe katika daftari maalumu pamoja na sababu yake.

3. Swali lililokosewa lijaribiwe tena baada ya siku kadhaa, kisha baada ya majuma mawili, likiwa limebadilishwa tarakimu.

4. Karatasi za zamani zilinganishwe na muhtasari unaotumika sasa, maana mada nyingine huondolewa na nyingine kuongezwa.

5. Karatasi chache ziwekwe akiba kwa majuma ya mwisho, ili kipimo kiwe cha kweli. Usiku wa kuamkia mtihani uachiwe usingizi.

Walimu nao wana wajibu. Kubandika ukutani orodha ya alama hakumwelezi mwanafunzi alipokosea. Ni afadhali kufanya jaribio moja lililojadiliwa swali kwa swali kuliko matano yaliyorudishwa na alama nyekundu tu. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha makosa yatokeayo mara kwa mara. Hizo zafaa kusomwa pamoja na darasa.

Mwanafunzi aliyepata alama ndogo katika jaribio asikate tamaa, na aliyepata kubwa asibweteke. Kosa lililogunduliwa mapema lina nafasi ya kurekebishwa; kosa hilo hilo likijitokeza siku ya mtihani halina dawa.