Legeza Mwili Upumzishe Moyo: Mwongozo wa Qigong kwa Anayeanza

Mtu aliyekasirika huuma meno. Aliyeogopa hupandisha mabega na kubana pumzi. Mwenye huzuni hukaza kifua na kuhisi donge kooni. Jambo likishapita, mwili hupaswa kulegea tena. Lakini msiba usioliliwa, ugomvi uliomezwa au miaka ya kuwazia ada na kodi ya nyumba huiacha misuli imekaza, mwenyewe akizoea na kudhani ndivyo alivyoumbwa. Shingo huuma, taya huchoka, usingizi huwa wa mang'amung'amu.

Wachina wana mazoezi yanayoitwa qigong (hutamkwa "chigong"), yanayounganisha mkao, pumzi na utulivu wa fikra. Mizizi yake ni ya kale. Mwaka 1973, katika kaburi la Mawangdui huko Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, ulipatikana mchoro kwenye hariri unaoonyesha watu 44 wakifanya mazoezi ya kujinyoosha. Jina qigong lilienea miaka ya 1950, mazoezi hayo yalipoanza kufundishwa katika vituo vya tiba. Wakati huo ndipo mjini Shanghai ilipopangwa fangsong gong, qigong ya kulegeza. Hiyo ndiyo tutakayojifunza, kwa sababu haihitaji nguvu wala vifaa, na unaweza kuifanya ukiwa umekaa au umelala.

Inafanyaje kazi?

Tiba ya jadi ya China huhusisha hasira na ini, huzuni na mapafu, hofu na figo, mawazo mengi na wengu. Husema kwamba hisia ikidumu mno huzuia mwendo wa qi, nguvu ya uhai. Sayansi haijaweza kuipima qi, lakini ina maelezo yake. Hofu na hasira huamsha mfumo wa neva unaoandaa mwili kupigana au kukimbia. Ukitoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea, na ubongo hupata habari kwamba hatari imepita. Hisia za zamani hazikai ndani ya msuli kama nafaka ghalani. Kinachobaki ni mazoea ya mwili kujihami, na mazoea hubadilika kwa kurudiwarudiwa kwa upole.

Hatua za kufuata

Tenga dakika 15 hadi 20. Usianze ukiwa umeshiba sana au una njaa kali. Zima simu, legeza mkanda.

1. Kaa kwenye sehemu ya mbele ya kiti, nyayo zote sakafuni, mikono mapajani. Macho yafumbe kidogo, au yaelekeze chini.

2. Pumua kwa pua, bila kulazimisha. Unapovuta pumzi, peleka fikra kwenye sehemu moja ya mwili. Unapoitoa, sema kimoyomoyo: "legea". Wachina husema "song", maana yake hiyohiyo.

3. Mstari wa kwanza ni pande za mwili: pande za kichwa, pande za shingo, mabega, mikono ya juu, viwiko, vigasha, viganja, vidole. Kila sehemu ipe pumzi moja au mbili. Ukifika kwenye vidole vya kati, tulia dakika moja.

4. Mstari wa pili ni mbele: uso, koo, kifua, tumbo, mapaja, magoti, miundi, vidole vya miguu. Tulia kwenye vidole gumba.

5. Mstari wa tatu ni nyuma: kisogo, shingo, mgongo, kiuno, nyuma ya mapaja, mashavu ya miguu, nyayo. Tulia kwenye nyayo.

6. Rudisha fikra kitovuni, upumue kwa utulivu dakika tatu.

7. Malizia kwa kusugua viganja mpaka vipate joto, jipanguse uso, kisha simama polepole.

Sehemu ikikataa kulegea, usipigane nayo. Itambue, kisha endelea na inayofuata. Siku nyingine itaachia yenyewe.

Hisia zikijitokeza

Miayo, joto, mtetemeko mdogo, hata machozi vinaweza kuja. Usivizuie, wala usiichokonoe kumbukumbu ili ulie zaidi. Iite hisia kwa jina lake, "hii ni huzuni", angalia inakaa wapi mwilini, kisha rudi kwenye pumzi. Ikizidi, fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja vitu vitano unavyoviona, kunywa maji. Kwa siku hiyo, hapo panatosha.

Tahadhari

Nchini China kwenyewe, madaktari wameeleza habari za watu waliochanganyikiwa akili baada ya kuzidisha qigong, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliitaja hali hiyo. Kwa hiyo, aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kuugua ugonjwa mzito wa akili asianze bila ushauri wa daktari. Aliyepitia ukatili au vita afanye kwa muda mfupi, macho yakiwa wazi, ikiwezekana pamoja na mshauri nasaha.

Mwenye presha asibane pumzi. Usiache dawa yoyote kwa sababu unajisikia vizuri. Maumivu ya kifua, ganzi ya ghafla au kupooza ni mambo ya kukimbizia hospitali. Vivyo hivyo ukipata mawazo ya kujidhuru: mwambie mtu leo hii na utafute msaada wa tabibu.

Utarajie nini?

Fanya kila siku, hata kama ni mstari mmoja tu kabla ya kulala. Dalili ya kwanza ya maendeleo ni kujigundua mapema: unaona mabega yamepanda katikati ya foleni ya benki, unayashusha kwa pumzi moja.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya mazungumzo. Aliyebeba jambo zito kwa miaka anahitaji pia wa kumsikiliza: ndugu, rafiki wa kuaminika, kiongozi wa dini au mshauri. Mwili ukilegea, maneno yaliyokwama kooni hupata njia. Mtafute wa kumwambia.