Dondoo muhimu: Kasi ya RAM kwa kompyuta mpya ya mezani

Ukiwa Ifakara, RAM isiyoendana na mazabodi inakugharimu mara mbili, maana kuirudisha Kariakoo ni safari ya kupitia Kidatu, Mikumi na Morogoro. Kabla ya kutuma pesa, soma orodha ya RAM zilizojaribiwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi yako. RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, wala DDR5 kwenye ya DDR4.

Namba kubwa ya kasi isikuvute peke yake. Angalia pia CL, yaani mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data. DDR4-3200 yenye CL16 na DDR5-6000 yenye CL30 zote husubiri nanosekunde 10. DDR5 hushinda kwa wingi wa data inayopitisha. Kwa prosesa za Ryzen 7000, DDR5-6000 inatosha kabisa.

Nunua RAM mbili zilizofungashwa pamoja badala ya moja kubwa, ili data ipite njia mbili kwa wakati mmoja, hasa kama huweki kadi ya picha, kwa sababu picha zitatumia RAM hiyohiyo. Hapo ndipo kasi huonekana kwa macho. Kwa kazi za steshenari au hesabu za mauzo ya mpunga, ongeza ujazo kwanza.

Ukimaliza kufunga, ingia BIOS uwashe XMP au EXPO, yaani mpangilio unaoipa RAM kasi iliyotangazwa. Bila hivyo RAM ya 6000 mara nyingi hukimbia kwa 4800 tu. Kompyuta ikianza kujizima ovyo mchana wa joto la bondeni, pima RAM kwa MemTest86, na ikionyesha makosa shusha kasi hatua moja.