MMEA HUPIKA, MNYAMA HULA: NGUVU YA JUA KATIKA SHAMBA LAKO



Ukiulizwa mahindi yako hula nini, labda utajibu, "Hula udongo na samadi." Wengi hujibu hivyo, lakini sivyo ilivyo. Yafaa kila mkulima ajue mmea hupata wapi nguvu ya kukua, na mnyama hupata wapi nguvu ya kutembea na kutoa maziwa. Asiyelijua jambo hili hupoteza magunia na maziwa asijue yamekwenda wapi.

Udongo si chakula

Zamani, katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji, alikuwako daktari mmoja jina lake Jan van Helmont. Alitia ratili 200 za udongo mkavu chunguni, akapanda humo mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5. Kwa miaka 5 aliunywesha maji tu. Kisha akaung'oa na kuupima, akaona umefika ratili 169. Udongo nao akaukausha na kuupima tena: ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Habari hii ilipigwa chapa mwaka 1648. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji, kwa kuwa hakujua kazi ya hewa na ya jua. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha ya kuwa majani mabichi hutoa hewa safi yakipata mwanga wa jua, na gizani hayaitoi.

Jani ni jiko

Jani lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Kwa matundu hayo huvuta hewa ya kaboni, ile tuitoayo sisi tukipumua. Mizizi huleta maji. Rangi ya kijani iliyomo katika jani hushika mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo jani huunganisha hewa na maji, likapata sukari. Oksijeni hutoka nje, nasi twaivuta. Sukari hiyo ndiyo akiba ya nguvu ya jua. Nyingine hugeuzwa kuwa wanga wa mahindi, viazi na mihogo. Nyingine hugeuzwa kuwa mafuta, kama ya alizeti.

Basi mbolea ni ya nini? Mbolea si moto wa jiko, bali husaidia kulijenga jiko lenyewe. Pasipo naitrojeni jani haliwezi kufanya rangi yake ya kijani, huwa manjano, na jiko hupoa. Maji nayo yana kazi mbili. Wakati wa ukame mmea hufunga matundu yake ili maji yasipotee, na papo hapo hewa ya kaboni hukosa njia ya kuingia. Kwa hiyo mahindi yenye kiu yana njaa vilevile.

Wako wakulima ambao malisho yakipungua huchuma majani mabichi ya mahindi wawape ng'ombe. Jihadhari! Majani yaliyo karibu na gunzi na yaliyo juu yake ndiyo yanayojaza punje. Ukiyachuma punje zikiwa bado laini, utavuna mahindi mepesi. Toa punje, utazame ncha yake iliyoshikana na gunzi. Ukiona alama nyeusi, jani limemaliza kazi yake. Sasa waweza kulichuma.

Kupumua ni kutumia akiba

Kutengeneza chakula ni kazi ya mimea, tena mchana tu. Lakini kupumua ni kazi ya kila chenye uhai, usiku na mchana. Sukari huunganishwa na oksijeni, kama kuni motoni, ila polepole na bila mwali. Hapo nguvu hupatikana, na hutoka joto, maji na hewa ya kaboni. Mguse ndama asubuhi ya baridi. Joto lile lilitoka katika maziwa ya mama yake, na kabla ya hapo katika nyasi, na kabla ya nyasi katika jua.

Ng'ombe hujilisha kwanza

Ng'ombe hawezi kushika mwanga wa jua. Katika tumbo lake kubwa la kwanza wamo vijidudu wengi mno ambao huvunjavunja nyasi. Nguvu aipatayo huitumia kwanza kwa uhai wake: moyo, pumzi, joto na mwendo. Ikizidi, ndipo huwapo maziwa. Kwa hiyo ukimpa nusu ya chakula usitumaini nusu ya maziwa. Huenda ukapata machache sana, naye akakonda.

Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 ahitaji kilo 12 hivi za chakula kikavu kwa siku. Lakini katika kilo 100 za nyasi ya nepia mbichi, kilo 80 au zaidi ni maji. Basi atahitaji kilo 60 hadi 70 za nepia mbichi. Ikate ikiwa na kimo cha meta 1 hivi. Ikizeeka, shina huwa gumu na vijidudu hushindwa nalo. Mpe maji karibu, maana nguvu aitumiayo kuyafuata mbali ingekuwa maziwa.

Mahindi ghalani yangali hai

Punje ni mbegu, nayo hupumua hata ndani ya gunia. Ikiwa kavu hupumua kidogo sana. Ikiwa na unyevu hupumua kwa nguvu. Ukitia mkono katika gunia ukasikia joto, fahamu kwamba unga wako unaungua. Joto na unyevu huleta kuvu, na kuvu wengine hufanya sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui.

Kausha mahindi juu ya turubai mpaka unyevu usizidi 13.5 katika 100. Kama huna kipimo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu yenye kifuniko. Tikisa kwa dakika 1, uiache dakika 15. Chumvi ikigandamana chupani, yarudishe mahindi juani.

Maswali ya kujibu pamoja na watu wa nyumbani

1. Kwa nini mahindi hayakui vizuri wakati wa ukame, hata kama yamewekwa mbolea?
2. Ng'ombe wako hutembea mwendo gani kila siku kutafuta maji?
3. Mahindi yaliyoko ghalani leo ni makavu? Umeyapima kwa njia gani?