Maradhi ya Kutetemeka na Tiba ya Seli Shina

Msomaji wetu, huenda umemwona mzee msikitini ambaye mkono wamtetemeka hali ametulia, na akitaka kuinuka miguu yakawia kumtii. Watu hunong'ona kuwa ana shetani, na jamaa zake wakampeleka kupungwa. Jambo hili latusikitisha, kwani maradhi haya yajulikana: tabibu wa London, James Parkinson, aliyaeleza mwaka 1817, nayo yakaitwa kwa jina lake.

Asili yake ni kufa kwa seli za ndani ya ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo kwayo mwendo wa viungo huwa sawa. Dawa ya levodopa, iliyoenea tangu miaka ya 1960, hugeuka dopamini kichwani na hufaa sana. Lakini haizuii seli kufa, na miaka ikipita nguvu yake hupanda na kushuka katika siku moja.

Ndipo wataalamu wakataka kupanda seli mpya. Walianza mwaka 1987 huko Lund, Uswidi, kwa seli za vijusi vya mimba zilizotolewa. Wengine walipata nafuu, wengine hawakupata. Na jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2001 lilidhihirisha baadhi ya wagonjwa wakisukwasukwa na mwendo wasioutaka.

Hapa pana mas-ala ya sheria. Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilipambanua mwaka 2003: seli shina za njia ya halali, kama za kitovu, za kondo la nyuma, au za mtu mzima aliyeridhia, zajuzu; za mimba iliyotolewa kwa kusudi bila ya sababu ya tiba, hazijuzu. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kuwa seli ya ngozi yaweza kurudishwa kwenye hali ya seli shina. Ugunduzi huu umetuondolea uzito mkubwa.

Kwa njia hiyo Kyoto waliwapandikiza wagonjwa 7, na mwaka 2025 wakatangaza kuwa haikutokea hatari kubwa, na katika 6 waliopimwa, 4 walipata nafuu ya mwendo. Ni khabari njema, ila ni watu wachache mno.

Twayasema haya kwa sababu alitujia kijana aliyetaka kuuza nyumba ya baba yake ili ampeleke ng'ambo, akadungwe seli katika mshipa wa mkono. Karatasi aliyotumiwa yadai sindano hiyo hiyo huponya kisukari na upofu pia! Tukamwambia: wale wa Kyoto walitoboa fuvu, wakazitia seli pande mbili mahali mahsusi pa ubongo, kisha wakawapa wagonjwa dawa za kuzuia mwili usizikatae. Ya mkononi yatafikaje huko? Na mgonjwa wa jaribio la kweli, kwa desturi, hatozwi bei ya tiba.

Nyumba haijauzwa. Mzee yuko kwa vidonge vyake, na kijana ndiye azishikaye saa za dawa. Amekwisha muuliza daktari juu ya Ramadhani, akaambiwa baba yake asifunge.