Somo la Kuhesabu: Punda Milia wa Kaskazini na Korongo wa Kesses

 

Mlezi wa chama aliniomba niandike somo kuhusu kujitolea katika kuhifadhi mazingira. Mara moja nikafikiria kupanda miti, maana hiyo ndiyo tunayoijua sisi. Mvua ikinyesha tunapewa miche, tunachimba mashimo, tunapiga picha, basi. Lakini kuna kazi nyingine ya kujitolea isiyotaka jembe wala miche, nayo ni kuhesabu. Nimeichagua hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mjomba wangu, ambaye alikwenda kaskazini mwaka 2018. Ya pili ni aibu yangu mwenyewe, nayo nitaieleza huko mbele. Tafadhali msiruke kurasa!

1. Mnyama mwenyewe ni yupi?

Sisi wa Kesses tumezoea mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Ukitaja punda milia, wengi wetu tunamwaza yule wa Nakuru au wa Maasai Mara. Huko kaskazini, nyika kavu ya Samburu, Isiolo na Marsabit, yuko mwingine aitwaye punda milia wa Grevy. Huyu ni mkubwa zaidi. Milia yake ni myembamba na imekaribiana, tumbo lake ni jeupe, na masikio yake ni mapana ya mviringo. Jina hilo ni la Jules Grévy, aliyekuwa rais wa Ufaransa wakati mnyama huyu alipopelekwa huko kutoka Ethiopia katika miaka ya 1880. Jina likawa la Mfaransa, lakini mnyama ni wetu: zaidi ya tisa katika kila kumi walio mwituni duniani wanaishi Kenya. Waliobaki wako Ethiopia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Leo hawafiki hata robo ya hao. Kwanza waliwindwa kwa ajili ya ngozi, mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Baadaye shida ikawa majani na maji, kwa kuwa wanyama wa porini na mifugo wanakula nyasi zile zile na kunywa kisima kile kile, na ukame unarudi mara kwa mara. Magonjwa nayo hayakuwaacha. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, kimeta kiliua makumi ya punda milia hawa katika eneo la Wamba, Samburu.

Sasa swali ni hili: utamlindaje mnyama kama hujui wamebaki wangapi? Mwenye ng'ombe asipowahesabu jioni, atajuaje kama fisi alipita?

2. Kazi ya siku mbili

Tarehe 30 na 31 Januari 2016, mamia ya watu waliingia nyikani kwa zoezi liitwalo Great Grevy's Rally. Hawakuwa wanasayansi peke yao. Walikuwako wanafunzi, askari wa wanyamapori, wenyeji wafugaji, watalii na hata familia nzima na watoto wao. Kila kikundi kilipewa eneo lake na kamera ya kuandika saa na mahali pa kila picha. Amri ilikuwa moja: piga picha ubavu wa kulia.

Kwa nini wa kulia? Milia ya punda milia ni kama alama za vidole vyetu, hakuna wawili wanaofanana. Lakini milia ya kulia haifanani na ya kushoto. Kama mimi ningepiga kulia na wewe kushoto, mnyama mmoja angehesabiwa mara mbili. Picha zaidi ya 40,000 zilikusanywa, kompyuta ikalinganisha milia, na jibu likawa punda milia 2,350 hivi katika Kenya. Mwaka 2018 zoezi lilirudiwa na makadirio yakawa 2,812. Mwaka 2021 serikali ilifanya sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, ikapata 2,649. Msikimbilie kusema kwamba walipungua, kwa sababu njia za kuhesabu zilikuwa tofauti. Kipimo cha debe hakilinganishwi na cha gunia.

Mjomba wangu ni dereva, na ile ya 2018 aliendesha gari la kikundi kimoja. Alitusimulia hadithi hii Krismasi iliyopita, tukiwa jikoni tunangoja chai.

"Siku ya kwanza," akasema, "tulitoka alfajiri. Jua likachomoza, likapanda, likawa kali. Vumbi mpaka ndani ya meno! Tuliona swara, tuliona ngamia, tuliona dikidiki. Punda milia? Hata mkia! Kufika saa nane mchana mimi nimechoka. Nikamwambia yule kijana mwenye kamera, 'Bwana, si uandike tu mmewaona wawili watatu hivi? Nani atajua?'"

Mama akacheka. "Na yeye akasema nini?"

"Akaniambia, 'Mzee, hapa bila picha hakuna punda milia. Na kutokuwaona pia ni habari.' Basi tukazunguka mpaka jioni, tukarudi mikono mitupu, na akaandika hivyo hivyo: hatukuona. Siku ya pili tulipata saba. Mpwa wangu, nilijiona mjinga, mtu mzima kufunzwa na kijana."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Sababu mtaijua karibuni.

3. Siri ya siku ya pili

Pengine unajiuliza, mbona wahesabu siku mbili? Na wale wasioonekana kabisa, waliojificha mabondeni, wanahesabiwaje? Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, nawe unaweza kulifanya nyumbani kwa kopo la mahindi.

Chukua punje 60 kutoka kwenye kopo, zitie alama ya wino. Hiyo ni siku ya kwanza. Zirudishe, tikisa kopo vizuri. Halafu fumba macho utoe punje 50. Hiyo ni siku ya pili. Sasa tazama ni ngapi zenye alama. Tuseme ni 10. Kumi katika hamsini ni moja kwa tano. Kwa hiyo zile 60 ulizotia alama ni kama moja kwa tano ya kopo lote, na kopo lina punje 300 hivi. Kwa ufupi, zidisha 60 kwa 50, kisha gawanya kwa 10.

Mimi nilijaribu. Katika zile 50 nilipata 11 zenye alama. Hesabu ikanipa 273. Kisha nikazimwaga mezani nikahesabu moja moja, zikawa 291. Si sawasawa, lakini si mbali. Kule nyikani punda milia hatiwi wino, milia yake ndiyo alama. Aliyepigwa picha siku ya kwanza akionekana tena siku ya pili, kompyuta inamtambua.

Halafu nikajaribu jambo la pili. Nikajifanya mvivu, nikaongeza punje tano za uongo: badala ya 11 nikaandika 16. Rudia hesabu uone. Inatoka 187 na nusu. Uongo wa punje tano umemeza punje 85! Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

4. Korongo wetu

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Muhula wa pili chama chetu kilianza kuhesabu korongo wenye taji katika kinamasi kilicho nyuma ya mashamba, upande wa bwawa la Kesses. Kwetu tunamwita kong'ony, na ziko koo za Wakalenjin ambazo huyu ndiye mnyama wao wa ukoo. Waganda nao wamemweka kwenye bendera yao. Tangu mwaka 2012 korongo huyu amo katika orodha ya wanyama walio hatarini duniani. Anataga mayai yake kwenye matete ya kinamasi, na kinamasi kikikaushwa ili kilimwe, anakosa mahali pa kulea watoto.

Tulipanga Jumamosi nne, wanafunzi watatu watatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumamosi ya kwanza walikuwa 11. Ya pili walikuwa 9. Ya tatu ilikuwa zamu yangu. Usiku kucha mvua ilinyesha, na njia ya kwetu ikinyesha ni tope mpaka magotini. Wenzangu hawakutokea. Mimi nikajifunika blanketi, na Jumatatu nikaandika daftarini: 14. Nilisema moyoni, ndege ni ndege, nani atajua? Maneno yale yale ya mjomba!

Kumbe katika wiki ile, kati ya Jumamosi ya pili na ya tatu, sehemu kubwa ya matete ilikuwa imekatwa. Jumamosi ya nne wenzetu waliona korongo 4 tu. Ukiisoma ile daftari ilivyoandikwa, ungesema hivi: matete yalikatwa, na korongo wakaongezeka kutoka 9 hadi 14. Mwalimu alikuwa amepanga kuzisoma hesabu hizo kwenye mkutano wa wenye mashamba, awaombe waache ukanda wa matete kando ya maji. Mtu mmoja tu angesimama na kuuliza, "Mwalimu, si mnasema wenyewe kwamba waliongezeka?" Na mwalimu angejibu nini? Ndege wa uongo kumi na wanne wangewafukuza wa kweli.

Baada ya Krismasi, siku ya kwanza shule ilipofunguliwa, nilikwenda kwa mlezi wa chama nikamweleza. Nilitegemea viboko vya maneno. Alinyamaza kwanza. Kisha akatoa daftari akaniambia, "Usipasue ukurasa, wala usifute. Piga mstari mmoja juu ya hiyo 14 ili isomeke bado, na uandike kando: hatukwenda. Halafu tia jina lako."

Nilitia jina langu. Mkutano ulikuwa haujafanyika bado. Ulipofanyika mwezi wa pili, zilisomwa hesabu tatu, na mwalimu akasema wazi kwamba Jumamosi moja haina hesabu. Wawili kati ya wenye mashamba walikubali kuacha ukanda wa matete. Wengine walisema watafikiria. Sijui kama wangekuwa wengi zaidi endapo tungekuwa na Jumamosi zote nne, na hilo linaniuma mpaka leo.

5. Mafunzo

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Mfanyakazi wa mshahara akidanganya, msimamizi atamkamata. Anayejitolea hana msimamizi, kwa hiyo kazi yake yote imesimama juu ya neno lake. Ukishindwa kwenda, andika kwamba hukwenda. Ukienda usione kitu, andika hukuona. Nafasi tupu daftarini haimdhuru ndege yeyote.

Mwaka huu tutahesabu tena. Anayetaka kujiunga amwone katibu wa chama. Aje na gambuti na kalamu ya risasi, maana wino unayeyuka kwenye mvua.

Msamiati
Kimeta: ugonjwa mkali wa mifugo na wanyama wa porini, ambao humwambukiza hata binadamu.
Kinamasi: ardhi oevu, mahali pa maji na tope panapoota matete.
Kukadiria: kutoa idadi iliyo karibu na kweli bila kuhesabu kimoja kimoja.
Ubavu: upande wa mwili, penye mbavu.

Maswali
1. Eleza kwa nini wapiga picha wote walipaswa kupiga ubavu mmoja.
2. Siku ya kwanza wanafunzi walitambua punda milia 40. Siku ya pili walitambua 30, na kati yao 12 walikuwa wale wa jana. Kadiria idadi yao yote.
3. "Kutokuwaona pia ni habari." Jadili kauli hii ukitumia mfano wa daftari la korongo.